Kazi Imepamba Moto

Mama Maziwa alikuwa anasukwa nywele uani, mashoga wamejaa na umbea umekolea, Shemeji yake alipopiga simu kutoka shambani. Ngurumo ya trekta ilimeza nusu ya maneno.

"Shemeji! Huku... pamba moto!"

Yeye alisikia moto tu. Kichwa kimesukwa upande mmoja, akanyakua mtungi wa kuzimia moto nyuma ya mlango, huyoo! Mashoga nyuma na ndoo, maji yakiwalowesha wenyewe. Nyasi za ghalani ndizo chakula cha ng'ombe wake mpaka mvua zirudi. Zikiungua atawalisha nini, hadithi?

Walimkuta Shemeji juu ya trekta anapiga mluzi, mashine ya kufunga nyasi ikitema marobota nyuma yake, bado mstari mmoja tu wa nyasi amalize, aende ghalani.

"Moto uko wapi?"

"Moto gani? Nimesema kazi imepamba moto!"

Watu waliangua kicheko. Msusi akakalia ndoo yake. "Mwenzetu kaja kuzima sifa!"

Aibu ilimshika Mama Maziwa, lakini mbio zile zisiende bure. "Zima. Ufunguo nipe."

"Ya nini tena?"

"Nimekuja mpaka hapa, niondoke bila kuisalimia mashine?"

Vyote vinavyozunguka vilipotulia, akapitisha mgongo wa mkono karibu na beringi za mashine, moja moja, kupima joto kama alivyofundishwa na fundi. "Hujambo wewe. Na wewe hujambo." Mashoga hoi. Kwenye iliyofuata, mkono ukaruka.

"Huyu ana homa!"

Nyasi zilikuwa zimejisokota kwenye shafti, chuma kinachozunguka ndani ya beringi, grisi imekauka, na katikati moshi mwembamba kama uzi ulikuwa unapanda. Hakuna aliyecheka. Mtungi ukafoka, nyasi zikachomolewa kwa uma wa shambani, na robota lililobaki tumboni mwa mashine likaburutwa mbali, likafumuliwa na kumwagiwa ndoo zote.

"Ningeiegesha ghalani nikaenda kula," Shemeji alisema.

"Kesho ukipiga simu, sema kazi inaendelea."

"Nikisahau?"

"Tutakuja tena na ndoo!"

Hapo kicheko kikarudi, safari hii cha watu walioshusha pumzi. Msusi akamkalisha Mama Maziwa juu ya robota kavu amalizie upande wa pili, ila mwenyewe aligoma kugeuza shingo: alitaka kuitazama mashine mpaka ipoe.