Bango la Tahani Katika Soko la Jumatano

Uvumi ule ulimganda Bi Kuruthum kama unga vidoleni: kijana mmoja wa mji wa Mudhaibi kasimama barabarani na bango la kuomba kazi, kalazimishwa kutia saini ahadi ya kutorudia, na tangu hapo kila ofisi ikiliona jina lake inalirudisha. Nani kasema, hakuna ajuaye. Lakini binti yake Tahani, aliyemaliza uhandisi miaka mitatu nyuma na bado hana kazi, alikuwa na bango kama hilo nyuma ya mlango.

Jumatano, Bi Kuruthum akiuza kofia zake kwenye soko la wanawake hapo mjini Ibra, akamwona Tahani kupitia geti: yuko kwenye mzunguko wa barabara, bango kifuani. Akaziacha kofia, akamfuata.

"Mama, nimemtukana nani? Nasema tu nataka kazi."

"Sema, habibti. Lakini kuomba kazi njiani wamekataza."

"Wewe unaita wateja tangu asubuhi. Mimi nikiita ndiyo kosa?"

Bi Kuruthum akamshika mkono. Akamvuta mpaka sokoni, akaliegemeza bango kwenye beseni la kofia juu ya meza yake. "Kaa hapa. Wanawake hawa wana waume na kaka maofisini. Zungumza nao."

Haikupita saa, akaja Ghaliya, mkaguzi wa soko, daftari la kutilia saini ahadi kwapani.

"Shikamoo, Bi Kuruthum. Nimeambiwa kuna mtu anaomba kazi barabarani. Bango la nani hili?"

"Marahaba. Liko mezani kwangu, na meza ina kibali."

Ghaliya akasoma, akamgeukia Bi Kuruthum. "Kumbe wewe mhandisi?"

"Kofia ina hesabu nyingi kuliko daraja, mwanangu."

Muuza udi wa pembeni akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Ghaliya akamtazama Tahani, viatu vyake vimejaa vumbi la barabara.

"Ningemkuta kule ningemtaka atie saini," akasema. "Kwenye meza yenye kibali sijaambiwa kitu. Basi bango lisirudi barabarani."

Akaondoka na daftari lake.

Kazi haikupatikana siku ile. Zilipatikana namba mbili za simu za maofisini. Nyumbani Bi Kuruthum akaligeuza bango, akawaandikia watoto wa ndugu zake wanaotafuta kazi, kwa mwandiko wake wa darasa la sita:

Usisimame mzungukoni.
Usigonge kioo cha gari.
Usikubali kupigwa picha.
Usitie saini usichokisoma.
Usibishane na mkaguzi, muulize ameambiwa akataze wapi na wapi.
Usiseme haja yako bila meza mbele yako. Yangu ipo kila Jumatano.
Usiende kutafuta kazi bila kuniambia.