Kaisari Mwenye Uso wa Manueli

Uso wa Kaisari ulikuwa umefutika. Taji lilibaki, na joho la zambarau, na msalaba mkononi, lakini mahali pa uso palikuwa na ubao mtupu wenye tope. Nyumbu aliyebeba picha alijikwaa mtoni, na askari wawili waliokuwa wakiisindikiza waliileta moja kwa moja uani kwetu.

"Mzee Eustrati, tuokoe," Prokopi, mkubwa wao, alimwambia baba. "Kesho asubuhi mji mzima unatoka na mishumaa na ubani kuipokea. Wakiiona hivi, tutatobolewa macho."

Niliogopa, maana sasa ilikuwa kwetu. Mbele ya picha ya Kaisari watu huapishwa na kuhukumiwa kana kwamba ameketi mwenyewe. Anayeitia doa amemtia doa mpakwa mafuta wa Mungu. Baba alikuwa mchoraji wa watakatifu. Macho yake ndiyo yaliyotulisha.

"Anafananaje?" aliuliza.

Prokopi alimtazama mwenzake. "Nimefikishwa mbele yake mara mbili, mzee. Zote nilikuwa kifudifudi. Ninachokijua ni viatu. Vyekundu."

"Viatu vimesalimika," mama alisema. "Tunataka pua."

Baba alianza kuchora, akifuta na kurudia, hadi alfajiri ilipokaribia mkono ukaenda wenyewe. Niliacha kusaga rangi nikatazama. Zile nyusi zilizokutana, ule mdomo wa mtu anayezuia kicheko.

"Baba, huyu ni Manueli."

Kaka yangu alikuwa amefia mpakani mwaka uliotangulia, katika vita vya Kaisari huyohuyo.

"Ndio uso pekee ninaoujua bila kuutazama," baba alisema. Alinyanyua kitambaa aufute, na tarumbeta zikalia langoni; askari wakaikwapua picha wakatoka nayo.

Mkuu mpya wa jimbo ndiye aliyeongoza mapokezi, mtu aliyewahi kula meza moja na Kaisari. Alishuka farasini, akasujudu hadi paji la uso likagusa vumbi, na mji mzima ukasujudu nyuma yake. Kisha akainua macho. Nilimwona akigeuka rangi.

"Nani amechora?"

Baba alijongea. Nilimshika mama mkono, ulikuwa baridi.

Mkuu alimtupia jicho askofu, kisha umati uliokuwa bado chini. Alikwisha kusujudu mbele ya wote. Kama huyu hakuwa Kaisari, basi yeye alikuwa amemwabudu nani?

"Amemtoa kijana kidogo," alisema.

"Ndivyo Mungu anavyomwona, mheshimiwa," baba alisema.

"Amina," mkuu alijibu haraka mno. "Amina."

Picha ilitundikwa barazani, mahali pa hukumu. Mama, ambaye tangu msiba hakutaka hata kumwombea Kaisari kanisani, akawa anakwenda kila Jumamosi na mshumaa, anabusu vile viatu vyekundu. Mlinzi alimsifu kwa utii wake. Mimi nilisimama mlangoni, nikiomba mama asije akamwita kaka kwa jina.