Akiba ya Mshono

"Simama wima, usilivute tumbo," Fundi alisema, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni.

"Silivuti, wifi. Hili limeshakataa kuvutika." Wifi yake alicheka juu ya kigoda, akashika ukingo wa meza asije akaanguka. "Miezi mitano tu, hebu tazama. Mimi mimba yangu haifichiki. Ikiingia jana, leo mtaa mzima unajua."

Fundi hakucheka. Alizungusha tepu juu ya gauni jipya, pale ambapo zamani mwenzake alikuwa na kiuno, akasoma namba, akainyamazia. Katika chumba hiki cha mbele, chenye cherehani mbili na pasi moja, alikuwa ameshapima matumbo ya kila namna: ya ulaji, ya uvivu, ya uzee. Yote aliyapima kwa roho safi. Hili la mdogo wa mumewe lilimchoma vidole.

Lilikuwa la tatu. Wa kwanza dume, wa pili dume, na huyu naye alikuja mwenyewe bila kuitwa. Gauni alilokuwa akijaribishwa lilikuwa la kwendea kazini, maana wifi alikuwa mwalimu na nguo zake zote zilikuwa zimeanza kumkana. Kitambaa kilikuwa cha kijani, chenye maua madogo meupe, kizuri sana, na hata hilo lilimuudhi.

Tusimwonee Fundi. Wivu wake haukuwa wa kuokota njiani, ulikuwa na tarehe. Miaka mitano nyuma wote wawili walijifungua kwa kupasuliwa, wodi moja, wiki moja, vitanda vimepakana, na mpasuaji alikuwa yule yule. Walijifunza kutembea upya pamoja, wameinama kama watu wanaotafuta sindano sakafuni, wakikatazana kuchekeshana kwa sababu kicheko kilikuwa kinauma. Fundi alipata binti, wifi akapata mvulana. Vidonda vyao vilipona sambamba, na kwa nje usingejua kipi ni cha nani.

Baada ya hapo njia zikaachana. Wifi alizaa tena. Fundi alingoja. Kila mwezi siku zake zilikwisha kama za wanawake wengine, halafu, akishajisahau, yakaanza madoa ya kahawia, machache, ya kukera, wiki nzima na zaidi, pamoja na maumivu chini ya kitovu. Miaka minne sasa. Ndiyo maana mwanamke aliyewashonea wenzake njano na waridi, yeye mwenyewe alivaa sketi nyeusi Jumapili hadi Jumapili. Mama mkwe naye alikuwa na maneno yake. "Mtoto mmoja ni jicho moja," alikuwa akisema, akimtazama binti wa Fundi kwa huruma ambayo hakuna aliyeiomba. "Likiingia vumbi, umekwisha."

Jumanne ya wiki hiyo alikwenda hospitali peke yake. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kununua vifungo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye mikono baridi, alimwingizia maji kidogo ya chumvi kwenye kizazi, akatazama kioo cha ultrasaundi, akatazama tena, kisha akamchorea picha nyuma ya karatasi.

"Hapa ndipo ulipopasuliwa," alisema. "Mshono wa juu, huu wa kwenye ngozi, hauna neno. Ila ule wa ndani, kwenye ukuta wa kizazi, haukushikana sawasawa. Pamebaki kijimfuko. Damu ya mwezi inatuama humo, halafu inatoka kidogo kidogo baada ya siku zako. Na hayo yanayotuama yanaweza kuwa ndiyo yanayokuzuia kushika mimba."

Fundi aliikodolea macho ile picha. Mfuko ndani ya mfuko wa uzazi! "Nani aliushona?" aliuliza.

"Mara nyingi si kosa la mtu, mama. Kizazi kikiwa kimelalia nyuma, au mkato ukiwa chini mno, wengine hupona hivyo tu."

"Mimi nikiweka mfuko pasipoagizwa mfuko, daktari, nalipa kitambaa."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimweleza kuwa ukuta ukiwa mnene, kazi hufanywa kwa kamera ndogo inayopitia chini, kingo za kile kijimfuko zikasawazishwa, basi. Ukuta wa Fundi ulikuwa umebaki milimita mbili. Wake ulihitaji kukatwa pale palipoharibika na kushonwa upya, kupitia matundu madogo ya tumboni. Baadaye angoje kiasi cha miezi sita kabla ya kutafuta mtoto, na akimpata, amzae kwa kupasuliwa tena. Madoa, kwa wengi, hupungua au huisha. Mtoto, hakuna wa kumwahidi.

"Nenda kafikiri," daktari alisema. "Ijumaa uniletee jibu, nikupangie siku."

Mtu mwingine angelia kwa ajili ya tumbo lake. Fundi alikasirikia tumbo la wifi. Mpasuaji mmoja, wiki moja, na mshono wa mwenzake ukashikana! Hilo ndilo alilolitafuna njia nzima ya kurudi. Kukubali kushonwa upya kulikuwa ni kujitangaza. Mumewe angejua, mumewe akijua mama mkwe angejua, na mama mkwe akijua, wifi angekuja na uso wa pole, tumbo limetangulia. Heri madoa. Alifika nyumbani bila vifungo, akiwa ameshaamua kuwa Ijumaa haendi popote.

Kisha akachukua mkasi.

Kila fundi anaijua akiba. Ni kile kitambaa kinachoachwa ndani ya mshono, upande usioonekana, ili nguo ikibana ifumuliwe na kupanuliwa. Mtoto huachiwa inchi moja. Mjamzito huachiwa mbili, na fundi asiyemwachia ni sawa na mpishi asiyeonja. Jumanne ile Fundi alishona mbavu zote mbili za lile gauni la kijani, akaikata akiba yote, akazifunga kingo zisitoke nyuzi. Kwa nje gauni lilipendeza. Baada ya mwezi lingembana wifi asiweze kupumua, na asingemlaumu mtu, angejilaumu mwenyewe kwa kunenepa. Ilikuwa roho mbaya ya inchi mbili tu, na usiku ule Fundi alilala vizuri.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na kilichobaki kilikuwa kupandisha pindo.

"Naona kama linanishikashika ubavuni," wifi alisema.

"Ndio mtindo."

"Mtindo? Mwezi ujao si nitakuwa nimewambwa kama ngoma!" Wifi alilikunja gauni ubavuni, akachungulia kwa ndani. Alikuwa amepiga soga sana katika chumba hiki, alijua pa kutazama. "Wifi. Akiba iko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari: kitambaa hakikutosha. Watu husema hivyo kila siku na hakuna aliyekufa. Fundi alizitoa pini midomoni, moja moja, akaziweka mezani.

"Nimeikata."

"Umeikata kwa nini?"

"Kwa sababu mshono wako ulishikana."

Wifi aliutazama ubavu wa gauni, akamtazama Fundi. "Mshono gani? Huu si umeushona wewe?"

"Si huo." Fundi aliweka kiganja chini ya kitovu chake mwenyewe, juu ya sketi nyeusi. "Ule wa wodini. Wako ulishikana. Wangu umebaki na mfuko."

Akaeleza yote akiwa amepiga magoti pale pale sakafuni, chaki mkononi, harakaharaka na kwa hasira, utadhani anamsuta mtu. Alieleza damu inayotuama, zile milimita mbili, sketi, na Ijumaa. Akamalizia na mkasi.

Wifi alishuka polepole, akataka kukikalia kile kigoda kwa heshima ya mtu aliyekosewa, pini ya pindo ikamchoma paja. Akaruka. "Mama yangu! Hata pini zako zina kijicho!"

Hakuna aliyekusudia kucheka, lakini walicheka, mpaka wifi akashika mbavu.

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako," alisema akijifuta macho, na hapo sauti yake ikabadilika. "Ila umeniumiza, wifi, nisikufiche. Ningejiona nimenenepa, ningejinyima chakula na mtoto tumboni. Kumbe uchawi umefanywa kwa mkasi."

"Najua."

"Hujui. Unadhani mimi sina wivu?" Alijishika tumbo. "Juzi nimeambiwa huyu naye ni dume. Wa tatu! Nilikaa kwenye benchi nikalia, mwanamke mzima. Tangu wodini, wifi. Nesi alipokuletea yule binti, nilisema moyoni wamekosea kitanda. Na vile vigauni vya marinda unavyomshonea! Nikimwona na kipya nanuna wiki nzima. Mimi wangu nawavalisha kaptula, kaptula, kaptula."

Fundi alisikiliza kwa raha isiyo na haya. Ilimwingia taratibu kama chai ya moto kwa mtu aliyenyeshewa. Kumbe naye alikuwa akionewa wivu, miaka mitano yote, na hakujua, akaiacha ipite bure! Hakujiona mwema hata kidogo. Alijiona tajiri.

"Na hizo sketi nyeusi," wifi aliendelea, "nilidhani unaringa. Hata mama nilimwambia, huyu wa kaka anajifanya fundi wa matajiri."

"Hili la mfuko usimwambie mama."

"Simwambii. Lakini Ijumaa ni kesho."

"Siendi. Nikashonwe upya, halafu mtoto nisipate, uso nitauficha wapi?"

"Hapo hapo unapouficha sasa. Mficha uchi hazai, wifi. Waliosema hivyo hawakuwa na ultrasaundi, ila macho walikuwa nayo. Na mtoto usipompata, angalau utavaa rangi."

Fundi alimvua wifi gauni, akaligeuza nje ndani, akalikagua. Akiba ikishakatwa hairudi. Dawa yake ni kufumua mbavu zote mbili na kuingiza kipande kipya, kuanzia kwapani hadi chini, na kile kitambaa cha kijani kilikuwa kimekwisha kweli. Alipekua mfuko wa mabaki, akatoa njano.

"Utafanana na kasuku."

"Acha nifanane."

Wakafumua pamoja, kila mmoja ubavu wake. Wifi alikuwa mzito wa mkono, alikata uzi mahali pa kuuvuta, na Fundi alimfokea mara mbili.

Jioni Fundi alimwambia mumewe. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na alibaki ameshika kijiko hewani. "Kwa hiyo si mimi," alisema. Kumbe naye alikuwa amekwenda kupimwa mara mbili kwa siri, na mara zote mbili aliaga kwamba anakwenda kununua misumari. Fundi hakujua amkumbatie au amgombeze. Alimwongezea mchuzi.

Ijumaa alikwenda, akampa daktari jibu, akapangiwa Jumatatu ya wiki ya tatu.

Asubuhi ya siku hiyo mumewe alikuwa kwenye dirisha la malipo la hospitali akishughulikia karatasi. Wifi alikaa kwenye benchi ukumbini na binti wa Fundi. Fundi mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, ndani ya gauni la hospitali lenye kamba mbili za nyuma, moja imekatika. Pindo lake lilikuwa limeshonwa ovyo, alishaliona. Nesi alianza kumsukuma.

Akageuza kichwa. Binti yake alikuwa ametega sikio kwenye tumbo la wifi, macho ameyafumba, mdomo wazi. Wifi alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, anachezea nywele zake taratibu, kama za mwanawe. Wivu ulimpanda Fundi upya, wa moto, mpaka kooni. Mtoto wake mwenyewe, aliyemtoka tumboni, anasikiliza tumbo la mtu mwingine.

"Subiri kwanza," alimwambia nesi.

Nesi alisimama. "Umebadili nia, mama?"

Fundi aliendelea kutazama. Binti alihamisha sikio upande wa pili, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha watu wa ukumbini. Mzee mmoja aliyekuwa akikohoa akajizuia.

"Hapana," Fundi alisema. "Twende."

Kitanda kikaondoka, gurudumu moja likalia. Binti akafumbua macho, kidole bado mdomoni, akamkazia mama yake macho anyamaze. Fundi akabana pumzi mpaka mlangoni.