Mlango Uliofungukia Nje

Dada yangu mkubwa aliitwa Profesa na watu waliotaka kumcheka. Akimsahihisha mwenye duka hesabu, "Haya, Profesa." Akisema leo mvua hainyeshi, "Profesa kasema, anikeni nguo." Jina lilianzia nyumbani kwetu wenyewe, likatoka uani, likaingia mtaani, mpaka watoto wakawa wanamwamkia "shikamoo Profesa" bila kujua kuwa ni utani. Yeye aliitika marahaba kama mtu aliyeitwa kwa cheo chake halali.

Chanzo ni dai lake. Alidai kwamba chuo kikuu cha mji wetu kilipofunguliwa alisoma hisabati katika darasa la kwanza kabisa, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Sasa, kila mtu anajua wanawake waliingia chuoni pale miaka mingi baadaye. Bweni lao lina bamba la shaba mlangoni linalosema hivyo, na shaba haibishani na mtu. Katika orodha ya wanafunzi wa mwanzo jina lake halimo. Cheti hana. Alikuwa na maelezo, na maelezo yenyewe marefu: kwamba alikuwa mpiga chapa wa ofisini, mkuu wa chuo akamruhusu kuingia darasani wakati orodha imeshafungwa, akasoma karibu mpaka mwisho, kisha akaja mkuu mpya akamrudisha kwenye mashine yake ya chapa.

Mimi wakati huo sikuwepo. Nimekuwa sipo sehemu nyingi. Darasa la kwanza nililisomea mji huu, la tatu mji mwingine, la pili sijui lilinipitia wapi, na baada ya hapo ilikuwa mguu na njia. Ndiyo maana dada ananiita Mguunjia mpaka leo. Nilirudi kwake uzeeni na begi moja, nikapewa chumba cha nyuma na onyo kwamba viatu vyangu visikae karibu na mlango.

Mwaka niliorudi, mjukuu wa dada aliajiriwa na chuo kuandika historia ya chuo hicho kwa ajili ya sherehe za kumbukumbu ya kuanzishwa kwake. Binti wa miwani, mpole, lakini akishika jambo ni kama kupe. Kitabu kilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na sharti: jambo lolote jipya lithibitishwe na kumbukumbu mbili za maandishi, zilizoandikwa na watu wawili ambao hawakushauriana.

"Na mimi?" dada aliuliza. "Mimi si kumbukumbu?"

"Wewe ni bibi yangu," binti alisema. "Nikikuandika kwa maneno yako tu, watasema nimempakulia ndugu yangu nyama."

"Na kitabu kikitoka bila mimi?"

Dada akajijibu mwenyewe, huku akifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Basi niliota. Nikifa, mtakuwa mmezika mwota ndoto."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yale marahaba yake yote hayakuwa mzaha.

Binti akaweka karatasi kwenye meza ya jikoni, penseli na rula. Akasema, "Bibi, nichoree jengo la kwanza la chuo. Usimuulize mtu. Chora unachokikumbuka tu."

Dada alichora asubuhi nzima, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akachora ukumbi, madarasa, ofisi yenye mashine za chapa, ngazi. Na chini ya ngazi akachora kijichumba kama kiberiti, chenye dirisha dogo juu, na mlango.

"Hicho nini?" niliuliza.

"Choo changu."

"Chako vipi?"

"Jengo zima lilikuwa na vyoo vya wanaume tu. Wanawake wa ofisini tulikuwa tunavuka barabara kwenda kwa wauguzi. Lakini nilipoingia darasani, mwalimu akachoka kunisubiri. Wakanijengea." Alisema hivyo kama mtu anayesema walinipa chai. Kisha akachora kwenye ule mlango mstari wa kujipinda, kuonyesha unakofungukia: nje, kwenye ujia.

Tuliupeleka mchoro kwa mwenyekiti wa kamati, sisi watatu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye adabu nyingi mno. Binti alimwomba autie sahihi na tarehe, ili kesho mtu asiseme umeongezwa kitu. Akaitia kama mtu anayesaini kitabu cha wageni. Kisha akatupeleka mwenyewe kwenye jengo la kwanza, mpaka chini ya ngazi.

Palikuwa na ukuta. Ukuta mmoja mnyoofu, umepakwa rangi ya maziwa, una ubao wa matangazo. Pembeni, ndani ya fremu ya kioo, ulitundikwa mchoro wa jengo kama lilivyosanifiwa. Chini ya ngazi, hata katika mchoro ule, hapakuwa na kitu.

"Labda ni jengo jingine, mama," mwenyekiti alisema kwa upole. "Kumbukumbu nazo huhama nyumba."

Dada aliugusa ukuta kwa kiganja. Hakubisha. Mtu ambaye nimemwona akibishana na redio, siku hiyo hakubisha. Njiani, tulipokaribia nyumbani, akasema, "Mguunjia, inawezekana nilizeeka bila kujijua?"

Nimewahi kulala porini nikisikia fisi wakinitembelea. Sikuogopa kama nilivyoogopa swali lile.

Kesho yake nikamwambia binti nitamfuata kwenye chumba cha nyaraka za chuo, nimbebee makasha. Akacheka, "Babu, utakaa kitako sehemu moja?" Nikamwambia nitajaribu.

Nimeona maporomoko ya maji yanayosikika kabla hayajaonekana. Nimeona mlima ukitoa moshi kama jiko. Sikutarajia kupigwa na bumbuwazi na chumba kilicho chini ya maktaba. Kwanza baridi, baridi ya kutengenezwa, kwa ajili ya karatasi na si kwa ajili ya watu. Kisha makabati: yamepandishwa kwenye reli na kubanana kama ng'ombe zizini. Ukizungusha gurudumu la ubavuni yanaachana polepole, bila kelele, mpaka unapata kichochoro. Unaingia katikati, na pande zote mbili, kutoka sakafuni mpaka dari, ni makasha. Nilisimama mle nikavua kofia, sijui kwa nini.

"Yote haya ni nini?" niliuliza kwa kunong'ona.

"Nani alikunywa chai gani, nani alivunja kioo, nani aliomba likizo akanyimwa," alisema mtunza nyaraka. Wanafunzi walimwita Bwana Kimya. "Watu hudhani chuo ni mihadhara. Chuo ni haya. Mikono, mzee."

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Nikanawa tena. Akatufungulia droo pana za chuma, nyembamba kama sinia, na ndani yake michoro mikubwa kama shuka. Haikuwa ya karatasi. Ilikuwa kitambaa kilichotiwa nta, chembamba hata ukikiinua mwanga unapita. Aliilaza mezani na kuweka vifuko vya mchanga kwenye pembe. Ndipo nilipoona jengo zima limelala mbele yangu bila paa, kama ndege anavyoliona, au Mungu. Kila dirisha limo. Kila ngazi ina hesabu ya vidato vyake. Kila mlango una upinde wake. Mtu aliketi mahali, kabla tofali la kwanza halijachomwa, akafikiria mlango baada ya mlango watu watausukuma kwa upande gani.

"Huu ndio ule wa kwenye fremu," binti alisema, amekunja uso. Chini ya ngazi, patupu.

"Ule wa kwenye fremu ni nakala ya siku ya uzinduzi," alisema Bwana Kimya. "Jengo halikai kama lilivyozinduliwa. Kuna karatasi za marekebisho."

"Ziko wapi?"

"Ukiniomba nitazitafuta. Ukiniharakisha nitazeeka kwanza."

Alitafuta wiki ile, na nyingine. Alileta marekebisho ya paa, ya mfereji, ya stoo ya chaki. Binti aliusoma kila mchoro kwa kidole kisichogusa, kikienda juu yake kama mtu anayefuata mdudu. Mimi niliinua na kushusha, nikajifunza kukaa. Nyumbani dada hakuuliza kitu. Watoto walipomwamkia kwa jina lake, siku hizo alinyamaza.

Kisha, asubuhi moja, Bwana Kimya akalaza mezani kipande cha kitambaa kile cha nta. Hakikuzidi upana wa taulo. Kilichorwa ngazi peke yake, bila jengo lote. Chini yake, kwa wino mwekundu, kijichumba kama kiberiti. Dirisha dogo juu. Maneno ya mwandiko mdogo ulionyooka: *Choo, wanawake, mtu mmoja.*

Binti alitoa mchoro wa bibi yake, ule wenye sahihi ya mwenyekiti, akauweka kando. Dirisha lilikuwa kwenye ukuta uleule. Lakini jicho langu likaenda mlangoni. Kwenye mchoro wa wino mwekundu, upinde wa mlango ulikuwa umechorwa kuelekea ndani, kisha ukakatwa kwa mstari, ukachorwa upya kuelekea nje.

Nje, kama alivyochora dada yangu jikoni.

"Kwa nini walibadilisha?" nilinong'ona.

"Sijui," binti alisema. "Na hii ni kumbukumbu moja tu, babu. Inasema wanawake. Haisemi mwanafunzi. Watasema ni wafagizi, ni wapiga chapa. Natafuta mtu wa pili, ambaye hakumjua mchoraji huyu."

Bwana Kimya alikuwa ameinama juu ya ule mlango uliokatwa. "Mlango ukigeuzwa," alisema mwishowe, "haugeuzwi na mchoraji. Hugeuzwa na seremala. Na seremala wa chuo hashiki randa bila hati ya kazi."

Alizungusha gurudumu, makabati yakaachana, akapotea humo. Alirudi na kasha la maseremala, limejaa vipande vya karatasi ngumu, vyembamba, vya rangi ya chai. Tulivipitia pamoja, kimoja kimoja. Meza imevunjika mguu. Ubao haushiki chaki. Kabati la mkuu halifungi. Maisha mazima ya jengo, yakilia yarekebishwe.

Kipande kile kilitoka mkononi mwa binti. Alikisoma kimoyomoyo, kisha akavua miwani, akanipa nisome mimi. Mwandiko wa seremala ulikuwa mbaya kama wangu, ndiyo maana niliusoma bila shida:

*Choo kipya chini ya ngazi. Mlango ugeuzwe ufunguke nje. Ndani hapatoshi, ukiingia haufungiki. Mlalamikaji: mwanafunzi.*

Nilisoma tena. Karatasi nyepesi kuliko jani, na ilikuwa imelala pale gizani tangu dada yangu akiwa msichana, ikijua. Sisi tukimcheka, yenyewe inajua.

Binti aliweka vile vitu vitatu mezani mstari mmoja: wino mwekundu, hati ya seremala, penseli ya bibi yake. "Mchoraji," alisema. "Seremala. Na bibi. Hawakushauriana."

Jioni nilimkuta dada anamenya vitunguu. Nikamwuliza tu, bila kumwambia kitu, kwa nini mlango wake ulifungukia nje.

"Kwa sababu ya magoti," alisema bila kuinua kichwa. "Walipojenga mara ya kwanza walifungulia ndani. Ukishaingia, ama mlango ufungike ama wewe ukae. Nikaenda kulalamika. Wanaume, walipima chumba, hawakunipima mimi." Kisu kikasimama. "Unauliza nini, Mguunjia?"

Nikamwambia. Alilia, akasingizia vitunguu, nami nikavisingizia pia.

Mwenyekiti, nimpe haki yake, alipoona vile vitu vitatu hakutafuta njia ya pembeni. Aliangalia sahihi yake mwenyewe kwenye mchoro wa penseli wa dada, akatikisa kichwa. Ndiye aliyeleta fundi mwashi. Ubao wa matangazo uliondolewa, fundi akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo: du, du, du, kisha *to*. Tukatazamana. Aliyatoa matofali moja moja, kwa heshima, na giza likatutolea pumzi ya zamani.

Walipojenga vyoo vikubwa nyuma ya jengo waliliziba tundu lile bila kuondoa kitu. Sinki lilikuwepo. Dirisha nalo lilikuwa limezibwa. Na ukutani, kwenye msumari, kioo kidogo kilichoingia ukungu, kimetundikwa chini sana. Tuliingia mmoja mmoja, maana ndani kweli hapatoshi. Binti aliinama kujitazama. Mimi niliinama. Mwenyekiti, mtu mrefu, aliinama mpaka akashika magoti.

Dada aliingia wa mwisho. Alisimama wima mbele ya kile kioo.

"Kimepanda," alisema.

"Nini?"

"Kioo. Nilikitundika mwenyewe, usawa wa macho. Sasa naona utosi tu."

"Kioo hakijapanda, dada. Wewe ndiye umeshuka."

Akacheka, na kicheko chake kikajaa kijichumba chote. Kisha akainuka kwa vidole vya miguu, ameshika sinki, akajitazama. Hatukumharakisha.

Alipotoka, mwenyekiti alimshika mkono avuke kifusi. Akamwuliza kwa adabu yake yote, safari hii adabu ya kweli, angependa kitabu kimwite nani. Kuna maneno mengi, alisema: mwanzilishi, mama wa chuo, mwanamke wa kwanza.

Dada alijikung'uta vumbi kwenye gauni. Akamgeukia mjukuu wake.

"Yule seremala aliandikaje?"

"Mwanafunzi, bibi."

"Basi niandike hivyohivyo. Usimharibie mtu hati yake."