Nafasi ya Kando Yangu

Ukiona magari-nyumba yetu yamejipanga uwanjani Albuquerque, milango yote upande mmoja, turubai zote zimenyooka, na hakuna anayemfukizia mwenzake moshi wa jenereta dirishani, usidhani yamejipanga yenyewe. Hiyo ni kazi yangu. Mimi Verna Stoltz, mwenyekiti wa Klabu ya Kiti Kimoja, klabu ya sisi tusio na wenza, naianza kazi hiyo Agosti, tukiwa bado tumekimbilia baridi ya milima kwenye kambi ya huku mji wa Chama, ingawa tamasha la yale maputo yanayobeba watu angani ni Oktoba. Watu hunicheka. Wacheke tu. Mwaka ule nilioumwa nikamwachia Bernice Kubiak apange, Otis aliwekwa upande upepo unakotokea, na kahawa yetu ikanuka dizeli wiki nzima.

Otis Pruett ndiye mtihani wa kwanza wa kila mpango. Mzee anakoroma mpaka sahani zinagongana kabatini, na sikio lake moja halifanyi kazi, kwa hiyo redio yake inasikika hadi getini. Mimi humpeleka mkiani mwa mstari, karibu na mapipa ya taka, na kando yake humweka Bernice, kwa sababu naye mdomo wake haupumziki. Wanyimane usingizi wao kwa wao. Wanaosahau kujaza matangi nawaweka karibu na wasiosahau, maana kule uwanjani hakuna bomba wala umeme, unaishi na ulichokuja nacho. Mimi mwenyewe nakaa kichwani mwa mstari, jirani yangu ni mmoja tu, na jirani huyo ni Lavonne. Hilo sihangaiki hata kulipanga. Linajulikana.

Lavonne Teague nilimpata mwaka wa kwanza wa ujane wangu. Mimi na marehemu Gene tulinunua gari-nyumba ili tuzeeke nalo barabarani, naye akafa kabla hata ya kujua swichi ya taa za nje iko wapi. Nikaenda Albuquerque peke yangu, nikashindwa kuliingiza gari kwenye nafasi yake, watu wanatazama, machozi yananitoka kwa hasira. Mwanamke mmoja mwembamba akaweka kikombe chake chini, akasimama nyuma ya gari, akanipungia mikono: rudi, rudi, kata kushoto, simama. Naye alikuwa ametoka kuachika. Tangu hapo tukawa wawili.

Kila alfajiri ya tamasha, saa kumi, nilikuwa nagonga ukuta wa gari lake kwa kijiko mpaka atoke, nywele zimesimama, blanketi mabegani. Tunakaa kwenye viti vyetu vya kukunja na kahawa na burito, zile chapati zilizoviringishwa na mayai na pilipili ya kijani, tunatazama yale maputo machache yanayotangulia gizani kupima upepo, kila rubani akiwasha moto puto linang'aa zima angani. Hatusemi kitu. Nisifiche: mwaka wangu mzima ulikuwa ni kusubiri asubuhi zile. Januari nikiwa nimeegesha jangwani, siku nzima sijasikia mtu akiniita jina, nilikuwa najiambia, vumilia Verna, Oktoba inakuja.

Sasa klabu yetu ina kanuni moja yenye meno. Ukipata mwenza, unatoka. Si kwa ubaya. Tunaoka keki, tunakula, unabandua mwenyewe ile stika yetu kwenye kioo cha nyuma, tunapeana mikono. Walio wawili wana dunia nzima, kila meza ya mgahawa imepangwa kwa ajili yao, na ukikaa nao wanakuonea huruma mpaka chakula kinakukwama. Sisi tunataka mahali pamoja tu ambapo kuwa peke yako si ugonjwa. Na hakuna aliyeisimamia kanuni hiyo kuliko mimi. Kuna wawili niliwahi kuwakuta wanafua nguo zao kwenye mashine moja, soksi za huyu na sidiria za yule, nikawauliza palepale kama niwashe oveni.

Basi mwezi wa saba Lavonne akaja mlangoni kwangu, macho chini.

"Verna, mimi na Merle."

"Merle yupi?"

"Unamjua Merle."

Nilimjua. Merle Hatch, mchimba visima mstaafu wa Farmington, ameegesha ng'ambo ya kambi hii hii, gari refu kama jengo. Mtu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Nilidhani Lavonne ananitania, mpaka nikatazama kioo cha nyuma cha gari lake. Stika ilikuwa imeshabanduliwa. Hakungoja hata keki.

"Na Albuquerque je?" nikauliza.

"Si kanuni inajulikana," akasema, na kichwa akakiinamisha zaidi.

Nikaona huzuni. Huyu mtu ananililia kimoyomoyo, nikajisemea, na mimi ndiye mwenyekiti, na kanuni ni maneno tu yaliyoandikwa na watu kama mimi. Usiku nilikuwa nalala na ile picha: Oktoba, kiti changu, na kando yangu gari la mtu mwingine, au nyasi. Nilishindwa kuvumilia. Nikaitisha mkutano.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kambi, ule wenye meza ya biliadi iliyochanika. Nilisimama mbele ya ubao, mpango wa mstari nimeshauchora, na jina la Lavonne liko palepale pake. Nikasema napendekeza kanuni ifutwe.

Bernice akaegemeza kiti nyuma.

"Mwenyekiti, hebu rudia. Nadhani nimeambukizwa sikio la Otis."

"Umesikia vizuri."

"Kanuni hii hii? Ile uliyowafuatia watu mpaka kwenye mashine za kufulia?"

"Hiyo hiyo."

"Na wale wa soksi tuwapigie simu warudi, au wao walikuwa wapendanao wa daraja la pili?"

Watu wakacheka. Bernice alifanya kazi ya uhudumu wa mahakama maisha yake yote, akikubana hakuachii. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu nyakati kubadilika na moyo wa ukarimu. Ikanipotea yote.

"Sitaki kukaa Albuquerque bila Lavonne," nikasema. "Ndiyo hivyo. Sina sababu nyingine. Nawaomba."

Hawakuwahi kunisikia nikiomba. Mimi huwa nawaambia. Bernice akakirudisha kiti chake sakafuni, akaacha kunitazama. Otis ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

"Lavonne ni mtu," akasema kwa sauti yake ya kupasua ngoma. "Huwa anazunguka kuja upande wa sikio zima. Nyie wengine mnanipigia kelele tu."

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hata Bernice, ingawa wa kwake aliunyanyua usawa wa bega tu. Kanuni ikafa. Nikawaambia wasiondoke, narudi sasa hivi, nikatoka mbio na magoti yangu haya mabovu, nikikata katikati ya magari ya watu na kuruka mabomba ya maji.

Lavonne alikuwa nje kwa Merle, chini ya turubai, anamenya pilipili za kijani zilizochomwa. Vidole vimepakaa maganda meusi. Merle yuko ndani, redio inatangaza mchezo.

"Imepita," nikamwambia, hata pumzi sina. "Tumeifuta. Mnakuja wote wawili, mnakaa palepale pako. Gari lake ni refu ila nimeshapima, litaingia, nitamsogeza yule wa tatu kidogo."

"Mmefuta nini?"

"Kanuni, shoga. Kanuni haipo tena."

Hakuinuka. Aliweka kisu kwenye beseni. "Nani aliomba ifutwe?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Kaa, Verna."

"Sikai, watu wananisubiri."

"Sisi tumeshachukua nafasi nyingine. Kule upande wa lami, kwenye umeme."

"Futeni."

"Hatufuti."

Nikacheka kidogo, nikidhani hajaelewa. Nikaanza kumweleza upya, taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyeamka sasa hivi. Akanikata.

"Siku ile nilipokuja kwako nilikuwa naona aibu. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilifurahi kwamba kanuni ipo. Isingekuwepo, ningelazimika kukwambia mwenyewe."

"Kuniambia nini?"

Alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Nilimwona anatafuta mahali pa kuanzia.

"Kwamba sipendi kuamka saa kumi alfajiri. Sijawahi kupenda. Kwamba nataka kuingia katikati ya maputo pale wanapoyajaza, nishike kamba na watu, nisikie joto la moto usoni. Siyo kukaa mbali nimejifunga blanketi. Nataka kupanda puto, Verna. Kila mwaka nilikwambia nataka kupanda."

"Nilisema kutazama ndiyo raha yenyewe."

"Ulisema. Na ukishasema wewe, imekwisha."

"Ungenibishia. Una mdomo."

"Ningekubishia saa ngapi? Nikifika tu jina langu liko ubaoni. Hukuniuliza hata mwaka mmoja. Hata mmoja, Verna."

Mimi nina jibu la kila kitu, muulize yeyote. Safari hii kilichonijia kwanza ni hasira, kwa sababu ndiyo huwa ya kwanza kufika kwangu.

"Na Merle ndiye anakuuliza?"

"Mpaka ananichosha," akasema, na akatabasamu bila kutaka, kwa ajili ya mtu aliyekuwa ndani na redio yake. Sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo kwa ajili yangu. Au labda sikuwahi kutazama, nilikuwa natazama maputo juu.

Nikauliza. Nilichelewa sana, najua, lakini nikauliza. "Lavonne, ungependa kukaa wapi?"

"Kule. Na yeye." Akasimama, akanishika mkono, vidole vyake vinanuka moshi wa pilipili. "Tutakuja kuwasalimia. Nakupenda, mjinga wewe, usinitazame hivyo."

Kunisalimia. Yaani abishe hodi, apewe kiti cha wageni, aulizwe habari za upande wa lami. Nikamwambia pilipili zitapoa zishindwe kumenyeka, nikaondoka.

Nilirudi polepole. Kila gari nililolipita lilikuwa la mtu niliyempangia mahali pa kulala kila Oktoba, na nikajaribu kukumbuka kama kuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anataka kukaa wapi. Nilikumbuka shukrani nyingi. Nilikumbuka na kimya fulani baada ya kusoma ubao, ambacho mimi nilikiita kuridhika.

Ukumbini walinipokea kwa makofi. Bernice alikuwa ameshatoa soda.

"Haya, wapenzi wetu wanafika lini?"

"Hawaji," nikasema. "Wamechukua kwingine."

Makofi yakafa. Mtu akauliza kama basi tuirudishe kanuni, na mwenzake akamkanyaga mguu. Nilichukua kitambaa nikafuta majina yote ubaoni, nikaacha mstari na nafasi tupu, na kichwani mwa mstari nikaliandika jina langu. Kisha nikaweka kalamu mezani.

"Mwaka huu chagueni wenyewe."

Walidhani ni mtego. Wakatazamana. "Unaumwa?" Bernice akauliza, na safari hii hakuwa anatania. Nikamwambia siumwi, chukua kalamu.

Akaichukua. Akasogea ubaoni, akanitazama, akalitazama jina langu, kisha akaenda akajiandika katikati kabisa ya mstari. Wa pili akaja akajiandika kando ya Bernice, na Bernice akasema "Hatimaye," wakagongeshana chupa. Kumbe walikuwa wanataka kukaa jirani muda wote huo, na mimi nawatenganisha kila mwaka kwa sababu ya matangi ya maji. Wakaja wengine. Kelele zikaanza, huyu anamvuta huyu, yule anataka kuwa na yule ili wacheze karata, wanacheka, wanafutana na kuandikana. Sikuwahi kuona mpango ukifanyika kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao na kitambaa mkononi, na kila aliyekaribia kichwani mwa mstari aligeuza kalamu kwa adabu kubwa.

Mwisho zikabaki nafasi mbili tu, kwa kuwa Lavonne alituachia moja: ya kando yangu, na ya mkiani kwenye mapipa ya taka. Na aliyebaki alikuwa Otis. Alikuwa amesinzia. Bernice akamwamsha, akazunguka upande wa sikio zima akamweleza.

Otis akaja mbele akivuta miguu. Akatazama ubao muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, kwa mazoea.

"Niende wapi, mwenyekiti?"

"Unapotaka."

"Ninapotaka mimi?"

"Wewe, Otis."

Akafikiri. Mzee huyu ambaye hakuna anayetaka kulala karibu naye, alifikiri kwa makini kabisa, midomo inacheza. Nami nilikuwa nangoja kweli, nikimwomba Mungu anipe mkoromaji.

"Basi mimi nibaki kule kwenye mapipa," akasema. "Nimeshapazoea. Nisikusumbue."

Nikamwandikia jina lake pale. Bernice akagusa nafasi iliyobaki, taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Na hii?"

Ningeweza kumwambia ahamie yeye. Ningesema tu, na angehamia, akinung'unika, na Oktoba angekuwa kando yangu ananipigia domo kuanzia alfajiri. Neno lilishafika mdomoni.

"Hiyo haina mtu," nikasema.