Rweya ya Nyuma ya Mwalo

Kwa masikitiko makubwa na pua iliyozibwa, nawasilisha habari za kikao cha kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji chetu kisiwani Bumbire, nilikokuwa likizo kutoka shule ya bweni Bukoba.

Bwana Najibu, mtaalamu wa mipango, alituambia tuchore kijiji wenyewe, chini mchangani. Majivu yakawa njia, mawe nyumba, majani ya mgomba mashamba na malisho. Wazee walichora kwa bidii. Ila nyuma ya mwalo, ufuko wa kushushia samaki, wakaacha kipande kikubwa bila hata jani moja.

"Hapa pana nini?" aliuliza Bwana Najibu.

Babu yangu, Mzee Mushumbusi, mwenyekiti wa kamati, alikohoa. "Rweya tu. Nyasi."

Nyasi zipo, sikatai. Kambi nzima ya wavuvi haina choo hata kimoja, na kila alfajiri hujisaidia kwenye nyasi hizo. Mvua ikinyesha, harufu hupanda hadi kanisani. Nzi wa pale wamenona hadi wanaruka kwa taabu.

"Vizuri," akasema Bwana Najibu. "Kisheria, kuanika dagaa lazima kutoke ufukweni, mita sitini toka majini. Basi kutahamia hapa."

Nikamtazama mama yangu, Vestina. Dagaa anaoanika ndio wanaonisomesha, na wanunuzi kutoka Bukoba hunusa kwanza. Msimu mmoja juu ya nyasi zile, asingerudi hata mmoja.

"Mama, sema," nikamnong'oneza.

"Niseme hayo mbele ya babu yako?"

"Wewe ungewala hao dagaa?"

"Celina, nyamaza."

Mkamwana hatamki mambo ya chooni mbele ya baba mkwe. Akatazama vidole vyake vya miguu. Wanawake wengine nao wakatazama vyao.

Mjukuu, hata hivyo, ana ruhusa ya kumtania babu. Nilikwenda kwenye zizi lake la mbuzi, nikarudi na kopo. Nikapiga goti kwa heshima zote, nikapanga mavi ya mbuzi juu ya rweya ile mchangani, safu kwa safu, kama gwaride.

"Mume wangu," nikamwambia Babu, "kamati ilisahau alama ya matumizi ya sasa."

"Nini hicho?"

"Haya ni mfano tu. Yenyewe ni makubwa zaidi."

Mtu alicheka, akajifanya anapiga chafya. Bwana Najibu akaenda kuhakikisha. Alirudi na kiatu kimoja mkononi, midomo ameibana. Alipita moja kwa moja hadi ziwani akaosha mguu, pale pale tunapochota maji ya kunywa.

Babu alibaki ameinamia ramani. Nilianza kutafuta njia ya kukimbilia. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Dagaa wanataka nini?"

Halafu sauti ya Mama, ndogo: "Upepo, Baba. Na pasiwe na nzi."

Babu akaokota jani lililofunika malisho yake kilimani, akalitupa kando. "Wataanikwa pale. Mbuzi nitawafunga nyumbani."

"Na hapa?" Bwana Najibu aliuliza, kiatu bado mkononi.

"Hapo andika vyoo," akasema Babu. "Vyoo vya kambi. Wachimbe wenyewe, tena wiki hii."

Alilitamka neno hilo mbele ya mkamwana wake, mara mbili. Mama akajifunika uso mzima kwa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.