Gauni Lililopewa Barua

Kwa jina la Mola aliyetandaza ngozi juu ya mfupa pasionekane mshono, naanza.

Watu wa habari hii ni hawa: Mwamvita, mjane wa Buguruni, aliyewashonea watu nyumbani kwa cherehani ya mkono, bintiye Mwanakombo, wa miaka sita, na jirani yao Anastasia, mzaliwa wa kusini. Zama zilikuwa za Ujamaa, na tangazo lilikwisha kutoka: asiye na barua ya kazi atapakiwa lorini apelekwe shamba la mbali, na watoto watasalia mjini hadi mabweni yajengwe. Kushona nyumbani hakukuhesabiwa kazi.

Mwamvita aliitwa afike ofisini Jumatatu. Jumamosi alitandika vitambaa vyake vitatu mkekani, akakaa mlangoni penye mwanga, akaviweka kimoja kimoja chini ya kidevu.

"Hicho cha manjano kitupe kule, shoga," alisema Anastasia. "Umekuwa kama mgonjwa wa safura."

"Na cha kijani?"

"Kijani humpendeza aliyekula akashiba. Wewe na mie tukiache."

Ikasalia buluu iliyokoza, na kwa buluu hiyo uso wake ukatulia. Mabega yake yalikuwa yameanguka kwa kuinamia cherehani, basi akashona mabega yaliyosimama. Alikuwa amekonda, basi akaacha nafasi kifuani, akabana kiuno kidogo tu. Alishona mwanamke ambaye hapana karani angethubutu kumpakia.

Jumatatu hakulivaa. Alichelea jasho na mikunjo ya njiani, akaenda na kaniki yake, gauni mkononi, alivae akifika. Ofisini akaliweka juu ya benchi apate kufunga kilemba. Gauni likakaa kitako, mabega wima, mikono imepakatwa.

Karani, Bwana Mfaume, akaita jina la Mwamvita. Gauni likatangulia kusimama.

"Naam, huyu ni mtu wa kazi," alisema karani. Akaandika barua, akagonga muhuri, akaibana kwa pini kifuani mwa gauni. "Na wewe, mama wa kaniki?"

"Mwamvita ni mie, bwana. Hilo nimelishona kwa mikono hii."

"Kila anayekuja hapa ana mikono, mama. Jina hilo limekwisha pata barua. Panda gari."

"Nina mtoto, bwana."

"Dada, fanya hima, jua kali," walisema waliokuwa nyuma yake katika foleni.

Akapanda. Gauni likarudi Buguruni kwa miguu.

Kesho yake Anastasia alikwenda kulalamika. Akaonyeshwa daftari, akaambiwa kwamba Mwamvita yupo nyumbani kwake, anashona, na barua anayo. Hayo yote yalikuwa kweli. Akarudi, akaenda kuazima sindano kwa gauni.

Wateja walizidi, kwa kuwa gauni halikuchoka wala halikula. Mwanakombo aliliamkia shikamoo kila asubuhi, na alipolala alifunika uso kwa mkono wa kushoto wa gauni, ambao haukuwa na joto. Kutoka shambani haikuja salamu. Mabweni hayakujengwa.

Mwaka wa pili, mtoto alipokuwa ameongezeka kimo, gauni lilimkalisha mlangoni penye mwanga, likamshika kidevu, likaweka chini yake kipande cha buluu ile ile.

Ewe Mola Msitiri, aliye mbali msitiri katika kaniki yake. Na hawa waliosalia, wajaalie joto.